UZI: ADSL, SHDSL, VDSL zote ni shaba ileile. Tuelewane kabla ya kununua modemu (Lubumbashi)

Fundi wa Kampemba (mwanzilishi wa uzi)

Jambo kwenu wote, wakubwa na wadogo.

Juzi kijana mmoja wa Ruashi aliniletea ruta aliyonunua sokoni, ya zile zinazoshuka na makontena ya vitu vilivyotumika Ulaya. Nyuma imeandikwa ADSL2+. Aliichomeka, taa zikawaka, akaingia kwenye mipangilio, na pale ikamwuliza namba mbili: VPI na VCI. Usiku kucha alijaribu namba alizookota mtandaoni. Hela ile aliipata kwa wiki mbili za kubeba mizigo, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba tundu lile la DSL, yaani la intaneti inayopita kwenye waya wa simu, haliongei peke yake, linataka mwenzake upande wa pili wa waya. Jambo hilo limeniuma, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Sisi watu wa hapa tumekulia juu ya shaba. Mkoa wetu wenyewe uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na kabla ya reli na viwanda wazee walikuwa wakinunuliana vitu kwa misalaba ya shaba. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuona waya wa simu ukiingia nyumbani kwao. Wengi tuliruka moja kwa moja hadi simu ya mkononi. Kwa hiyo maneno haya ya ADSL na VDSL yametufikia yakiwa yamechapwa kwenye maboksi, bila mtu wa kutueleza.

Waya wa simu ni jozi: nyuzi mbili za shaba zilizosokotwa pamoja. Sauti ya mtu kwenye simu inatumia masafa (hapa maana yake ni mitetemo kwa sekunde, siyo umbali) ya kuanzia hezi 300 hadi 3,400 hivi. Juu ya hapo waya umelala bure. Modemu za kale, zile zilizokuwa zikilia kabla ya kuunganisha, zilibanwa ndani ya chumba hicho kidogo cha sauti, na ndiyo sababu hazikuvuka kilobiti 56 kwa sekunde. DSL iliacha sauti ikae chini, yenyewe ikapanda ghorofa za juu za waya uleule. Hapo ndipo unaweza kuongea na simu huku intaneti inaendelea.

Sasa shikeni jambo hili moja, mengine yote yatajipanga. Masafa yakipanda, waya unayameza haraka zaidi. Ngoma kubwa ya matangani utaisikia ukiwa kartie ya pili, lakini kengele ndogo inasikika uani tu. Anayetaka kasi kubwa lazima atumie masafa ya juu, na anayetumia masafa ya juu lazima akae karibu. Aina zote za DSL ni majibu mbalimbali ya swali hilo: unataka kwenda mbali, au unataka kwenda kasi?

Za mwanzo zilichagua umbali. IDSL ilitoa kilobiti 144 tu, ila ilifika zaidi ya kilomita 5. HDSL ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni na mitambo ya simu yenyewe: megabiti 2 hivi, sawa kwenda na kurudi, lakini kwa jozi mbili au tatu za waya. Sitakaa sana hapo.

ADSL ndiyo iliyoingia majumbani duniani, na wazo lake napenda kila mtu alielewe kwa sababu lina akili sana. Joseph Lechleider, mhandisi wa Bellcore huko Marekani, aliangalia tatizo la waya kuvujiana. Ndani ya kebo moja kuna mamia ya jozi zimelaliana, na ishara ya jozi moja inaingia kwa jirani. Karibu na kituo cha simu ndiko zinakosongamana. Ishara inayotoka kwa mteja imesafiri kilomita kadhaa, inafika pale imechoka, halafu inakuta mashine za kituo zinapiga kelele kwa nguvu zote. Inazama. Lechleider akaonyesha kwamba ukiacha kudai usawa, ukaipa njia ya kwenda kwa mteja sehemu kubwa ya masafa na njia ya kurudi sehemu ndogo ya chini, waya uleule utabeba mzigo mkubwa zaidi. Ndiyo maana ya ile herufi A: haina usawa. Kutoka kilohezi 26 hivi hadi 138 ni ya kupakia, kutoka 138 hadi 1,104 ni ya kupakua. Mwanzoni walifikiria kuuza filamu kwa njia ya simu. Baadaye intaneti ikaja, na bahati nzuri watu wengi wa intaneti nao wanapokea zaidi kuliko wanavyotuma.

Kipande cha pili ni kazi ya John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake. Badala ya kutuma kila kitu kwa mkondo mmoja, masafa yanakatwa vijia 256, kila kimoja upana wa kilohezi 4.3125. Modemu mbili zikikutana zinaanza kupima: kijia hiki kina nguvu, kibebe biti nyingi; kile kina kelele ya redio, kibebe chache; kile kimekufa, tukiache. Ni kama mama wa sokoni anayegawa mizigo kwa vijana wake, kila mmoja kadiri ya mgongo wake. Zile dakika modemu inakaa ikipepesa taa kabla ya kutulia, ndiyo kazi hiyo inaifanya.

Kwa hesabu za kwenye karatasi: ADSL ya kwanza (ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, iliipitisha 1999) inafika megabiti 8 za kupakua. ADSL2 ya 2002, 12. ADSL2+ ya 2003 ilipandisha dari la masafa mara mbili hadi kilohezi 2,208 na kufikisha 24. Lakini 24 hiyo ni ya anayekaa jirani na kituo. Ukisogea kilomita 3 hivi, ile nusu ya juu yote imemezwa na waya, na ADSL2+ yako inakuwa karibu sawa na ADSL ya babu yake.

VDSL2 ya 2006 ilikwenda juu zaidi, megahezi 17 na hata 30, ikavuka megabiti 100. Umbali wake ni mita mia chache. Ikipita kilomita 1 na nusu faida imekwisha. Ili waitumie, Wazungu walipeleka faiba hadi kwenye kabati la mtaani, shaba ikabaki ya kipande cha mwisho tu. Mwaka 2010 wakaongeza ujanja wa kufuta mvujo: mashine ya kabati inazijua ishara za jozi zote, inahesabu jirani atavujisha nini, inatuma kinyume chake. G.fast ya 2014 ikafika megahezi 106 na karibu gigabiti 1, kwa mita 100 hivi. Angalieni mwendo huo: kila kasi ilipopanda, shaba ilifupishwa.

Imebaki SHDSL. Hii wauzaji hawaitaji, na ndiyo niipendayo mimi. Ya 2001 ilitoa megabiti 2.3 sawa kwenda na kurudi kwa jozi moja, marekebisho ya 2003 yakafikisha 5.7. Inavumilia umbali na inavumilia waya mzee. Sababu ya kuipenda nitaieleza mtu akiuliza.

---

Kijana wa Ruashi

Papa fundi, ni mimi yule wa ruta. Asante kwa kuniandikia. Nina maswali mawili. Namba za VPI na VCI nitazipata wapi? Halafu rafiki yangu naye anayo ruta kama yangu. Tukivuta waya kutoka kwake hadi kwangu, mita 80, tukachomeka tundu la DSL kwa DSL, si zitaongea?

Fundi wa Kampemba

Mwanangu, namba hizo zinatolewa na kampuni yenye mtambo upande wa pili, zinasema data yako ipite njia gani ndani ya mtandao wao. Upande wako wa pili hakuna mtambo, kwa hiyo hakuna namba sahihi. Usiendelee kutafuta.

La pili, hapana. Katika ADSL kuna upande wa kituo na upande wa mteja, na kazi zao si sawa. Ruta zenu zote mbili ni za mteja. Zote zinangoja kuitwa, hakuna ya kuita. Na hata kama kungekuwa na mtambo, ruta yako nimeiangalia, imeandikwa Annex B. Hizo zilitengenezwa kwa nchi kama Ujerumani ambako ADSL ilipanda juu ya laini za ISDN (simu za kidijiti), masafa yake ya kupakia yamesogezwa juu. Haipatani na ya Annex A, ile ya juu ya simu ya kawaida.

Lakini hela yako haijapotea yote. Wi-Fi ya ruta hiyo ni nzima. Fanya hivi: ingia kwenye mipangilio, zima DHCP (ile kazi ya kugawia vifaa anwani), ipe ruta anwani iliyo ndani ya mtandao mnaotumia nyumbani lakini isiyotumiwa na kitu kingine. Halafu chukua kebo ya mtandao kutoka kwenye modemu yenu ya laini ya simu ya mkononi, chomeka kwenye moja ya matundu ya LAN. Tundu la DSL liache, lizibe hata kwa plasta vumbi lisiingie. Itasambaza Wi-Fi hadi chumba cha nyuma. Kwa zile mita 80 za rafiki yako, kebo ya kawaida ya Ethaneti inafika mita 100. Hamhitaji DSL yoyote.

Kijana wa Ruashi

Imefanya kazi, Papa! Dada yangu anasomea chumba cha nyuma sasa hivi. Aksanti sana, sana.

---

Mkazi wa Kinondoni

Mkuu, salamu kutoka Dar. Uzi mzuri. Mimi niliwahi kutumia ADSL nyumbani. Jambo lililonisumbua ni mvua: ikinyesha, laini inakatika kila nusu saa, jua likiwaka inatulia. Mafundi wakawa wananiambia ni mawingu. Kweli mawingu yanagusa waya uliofukiwa?

Fundi wa Kampemba

Karibu, ndugu. Mawingu hapana, maji ndiyo. Tatizo liko kwenye viungio. Kebo imeungwa mahali, ganda limepasuka, shaba imeota kutu ya kijani. Maji yakiingia, umeme mdogo unavuja kati ya waya na waya, kelele inapanda. Modemu kwa kawaida huacha akiba ya desibeli 6 hivi kati ya ishara na kelele. Kelele ikila akiba hiyo, modemu inaangusha laini na kuanza kupima upya.

Uliwahi kufungua ukurasa wa takwimu wa modemu? Akiba ya ishara ikisoma 9 siku ya jua na 3 siku ya mvua, hiyo peke yake ni ushahidi wa kumwonyesha fundi. Angalia pia vile vichujio vidogo vinavyowekwa kati ya simu na ukuta. Simu moja tu ikiachwa bila kichujio, ukiinua mkono wa simu unasikia mvumo na intaneti inayumba.

---

Mama Duka wa Kamalondo

Baba, mimi nauza karatasi na kupiga fotokopi. Kijana mmoja amekuja kuniuzia "modemu ya VDSL ya kasi" dola 60, anasema nitawacha kununua mega (bando za intaneti). Nimchukulie?

Fundi wa Kampemba

Mama yangu, hapana. Duka lako halina waya wa simu unaoishia kwenye mtambo wa VDSL. Bila huo, ni sanduku lenye taa. Baki na hela yako. Kama faiba imepita barabara yenu, wale watakuletea kifaa chao wenyewe.

---

Yaya wa Bel-Air

Fundi, nakuheshimu, lakini hapa nakupinga. Kwa nini tunapoteza muda na shaba mwaka huu? Orange huko Ufaransa inataka iwe imezima mtandao wake wote wa shaba kufikia 2030. Uingereza wamepanga kuzima simu ya analojia Januari 2027. Sisi kebo ya WACS, ile faiba ya chini ya bahari, ilifunguliwa Muanda tangu 2013, na huku kusini faiba inapitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Waya wa shaba ukiuacha nje, wezi wanaung'oa na kuuza kilo. Ungewafundisha vijana kuunganisha faiba.

Fundi wa Kampemba

Yaya, sehemu kubwa ya maneno yako nayakubali. Mtu akiniuliza afukie nini leo, namjibu faiba, sisiti. Haiibwi kwa kilo, haishiki radi, na kesho ukibadilisha vifaa vya ncha mbili tu unaongeza kasi. Kununua kebo mpya ya shaba kwa ajili ya DSL ni kosa.

Ninachozungumzia ni waya ambao tayari umelala ardhini. Mji huu una maeneo ya zamani: viwanda, karakana za reli, misheni, mahospitali, makambi ya wafanyakazi. Ndani ya nyua zao kuna kebo za simu za jozi 10, 20, 50, zilizofukiwa na watu waliokuwa wanajua kazi. Simu zake zilikufa kwa sababu mtambo wa simu ulikufa. Waya mara nyingi hauna kosa.

Miaka michache nyuma niliitwa kwenye kiwanda kimoja nje kidogo ya mji. Ofisi iko hapa, stoo iko karibu mita 900 ng'ambo ya karakana, na kati yao kuna paa refu la bati na mashine za kuchomelea. Walikuwa wameshafunga antena mara mbili, zikawa zinakatika. Kuchimba mfereji kuvuka barabara ya magari makubwa walikadiria pesa ambayo hawakuwa nayo. Karani wa stoo alikuwa akibeba daftari kwa miguu mara nne kwa siku. Nikakuta kabati la zamani nyuma ya mlango, jozi 20, majina ya idara yameandikwa kwa wino. Nilipima, sita zikawa nzima. Nikaweka modemu mbili za SHDSL, moja nikaipanga iwe upande wa kituo, nyingine upande wa mteja. Megabiti 5 na ushee, kwenda na kurudi, jozi moja. Jioni ile karani alifungua hesabu za stoo akiwa amekaa. Aliniangalia bila kusema kitu kwa muda. Kwa hiyo, yaya, nisamehe, shaba ile siwezi kuiita taka.

Yaya wa Bel-Air

Kwa maana hiyo nimekuelewa. Nilidhani unataka turudi nyuma. Swali moja: kwa nini SHDSL na si ADSL pale?

Fundi wa Kampemba

Kwa sababu mbili. ADSL ingedai mtambo wa upande wa kituo, na huo ni kifaa kikubwa cha kampuni ya simu. Halafu stoo inatuma sawa na inavyopokea, kukosa usawa kungewaumiza.

---

Mwalimu wa Kadutu

Mzee wetu, nakuandikia kutoka Bukavu. Shule yetu ina majengo mawili, moja chini na lingine juu ya kilima, mita 600 hivi. Kuna waya wa simu ya ndani wa zamani. Kuchimba kwetu ni hatari, udongo unateleza kila mvua. Nitumie waya ule au antena?

Fundi wa Kampemba

Mwalimu, simama kwenye paa la chini. Unaliona paa la juu bila mti wala nyumba katikati? Kama unaliona, weka antena mbili za gigahezi 5, ni rahisi na zina kasi. Mimi ni mtu wa shaba lakini sitakudanganya. Kama hulioni, pima waya kwanza.

Na iwapo utatumia waya, usisahau radi. Waya mrefu unaopanda kilima ni mkono ulionyooshwa kwa radi. Weka vizuizi vya radi ncha zote mbili, na kila kimoja kiungwe na waya wa ardhini wa kweli, siyo bomba la plastiki la maji. Nimeona modemu, swichi na kompyuta nne zikiungua kwa pigo moja la Januari kwa sababu mtu aliona ardhi ni gharama ya bure.

Mwalimu wa Kadutu

Parokia imejenga ukumbi katikati, halionekani. Kupima nafanyaje? Nina multimeta ya darasa la fizikia tu.

Fundi wa Kampemba

Inatosha kabisa. Kwanza hakikisha hakuna simu wala umeme wowote kwenye waya, pima volti, isome sifuri. Ncha za jozi zikiwa wazi juu na chini, pima omu kati ya nyuzi mbili: isisome kitu, yaani ioneshe hakuna njia, siyo sifuri. Ikisoma, zinagusana au kuna maji. Pima pia kila uzi na ardhi, vilevile isisome kitu. Halafu mtu wa juu aziunge nyuzi mbili pamoja, wewe wa chini upime tena. Sasa unapata upinzani wa kwenda na kurudi. Shaba ya unene wa milimita 0.5 ni omu 176 hivi kwa kila kilomita ya jozi, ya 0.4 ni kama 274. Gawanya, utapata urefu halisi wa waya. Ukiwa mrefu mno kuliko umbali unaouona ardhini, kuna kiungio kibovu. Fuata pia matawi: waya uliochepuka kwenda chumba kisichotumika ukate, maana ishara inaingia huko, inagonga ncha na kurudi kuvuruga.

Mwalimu wa Kadutu

Tumepima leo na wanafunzi wa darasa la sita la sekondari. Waya ni wa 0.5. Jozi ni 5. Ya kwanza na ya pili zinagusana. Ya tatu omu 131. Ya nne 133. Ya tano 410, na inacheza tukitikisa kabati. Wanafunzi wamepiga hesabu wenyewe: 131 kugawa kwa 176, mita 744.

Fundi wa Kampemba

Waambie nimewapa alama zote. Mita 600 za macho kuwa 744 za waya ni sawa, kebo inazunguka kilima. Ya tano ni kiungio kilichooza, iache.

Mita 744 iko ndani ya VDSL2. Tafuta zile modemu zinazouzwa mbilimbili kwa ajili ya kurefusha Ethaneti, zenye swichi ndogo ya kuchagua upande wa kituo na upande wa mteja. Ile 100 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya mita 200 au 300. Kwenu ikitoa 30 au 40, inatosha kwa majengo yote mawili. Ukikosa hizo, SHDSL itafanya kazi bila shaka, ila ni megabiti 5.

Tumia ya tatu. Ya nne iandike kwa kalamu ndani ya kabati kwamba ni akiba, na uandike na omu zake na tarehe, ili atakayekuja baada yako asianze upya. Vizuizi vya radi mmeshavipata?

Mwalimu wa Kadutu

Kimoja. Cha pili kinakuja na boti ya Alhamisi kutoka Goma. Hatutawasha kabla hakijafika.